Kupeleka mafaili tuli kwenye hifadhi ya wingu kwa programu-jalizi: namna ya kuipanga pale mtandao na umeme vinapokatika

Mwanzisha uzi, Bukavu

Ndugu zangu wa Kivu na wa Katanga, nafungua uzi huu kwa ajili ya wale wanaojenga tovuti za mafaili tuli, yaani tovuti ambazo kila ukurasa, kila picha na kila hati ya JavaScript imekwisha kutengenezwa kwenye kompyuta ya fundi kabla msomaji hajaifungua. Tovuti za namna hiyo hazihitaji seva ya kudumu. Zinatosha kuwekwa kwenye hifadhi ya wingu kama Amazon S3, huduma iliyoanza mwaka 2006, au kwenye mojawapo ya hifadhi nyingine zinazopokea maombi ya mtindo huo huo. Kazi ya kuyahamisha mafaili kutoka kompyuta hadi wingu huachiwa programu-jalizi ya upelekaji. Maoni yangu ni kwamba sisi ambao mtandao hutukatikia katikati ya kazi, na umeme huondoka bila kuaga, tusiipime programu-jalizi kwa kasi yake, bali kwa jinsi inavyotenganisha kupakia mafaili na kuliamilisha toleo jipya.

Mfano ninaoufahamu vizuri ni ember-cli-deploy-s3, ambayo ni moja kati ya programu-jalizi ndogo ndogo zinazofanya kazi kwa zamu chini ya ember-cli-deploy, zana ya kupeleka tovuti zilizojengwa kwa mfumo wa JavaScript uitwao Ember. Moja hujenga mafaili, nyingine huyafinyaza kwa gzip, nyingine huandika manifesti, yaani orodha ya mafaili ya toleo hilo, hii ya S3 huyapakia, na nyingine tena hushughulikia index.html, yaani ukurasa wa kwanza wa tovuti, peke yake. Si lazima mtu awe anatumia Ember ili afaidike na mpangilio huu, kwa sababu unaweza kuigwa kwa zana yoyote.

Msingi wake ni majina ya mafaili. Wakati wa kujenga, kila faili hupewa jina lenye hashi, yaani alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo ndani yake, kwa mfano app-3f9c1b.js, hivyo yaliyomo yakibadilika hata kwa herufi moja, jina nalo hubadilika. Matokeo yake ni kwamba mafaili mapya hayafuti ya zamani. Hukaa kando yake katika baketi ile ile, yaani chombo cha kuwekea mafaili ndani ya S3, na msomaji hayaoni hata kidogo mpaka index.html ibadilishwe, kwa kuwa ndiyo inayotaja ni faili gani lifunguliwe. Kwa hiyo kupakia kunaweza kuanza jioni, kukakatika, kukaendelea kesho yake mchana, na wakati wote huo tovuti ikabaki nzima katika toleo lake la zamani. Kuamilisha ni kubadilisha faili moja tu la kilobaiti chache, kazi ambayo hata mtandao wa simu uliochoka unaweza kuimaliza.

Ndiyo maana kwa chaguo-msingi ember-cli-deploy-s3 haipakii mafaili ya HTML: orodha ya aina za mafaili inazozichukua ina js, css, picha, fonti na nyinginezo, lakini HTML haimo. Nimewaona watu wakiiongeza humo wakidhani kwamba ilisahauliwa, na kwa kufanya hivyo wanaondoa kinga yote niliyoieleza.

Majina yenye hashi yanaruhusu pia kashe ndefu, yaani kivinjari kutunza nakala ya faili kwa muda mrefu. Programu-jalizi hiyo huandika kwenye kila faili hederi (maelezo yanayotumwa pamoja na faili) ya `Cache-Control` yenye sekunde 63072000, ambazo ni miaka miwili. Kwa msomaji wa Kadutu au wa Bagira anayenunua megabaiti kwa simu, maana yake ni kwamba akishapakua fonti na hati za tovuti yako mara moja, hatazilipia tena hadi utakapozibadilisha. Lakini index.html yenyewe ipewe `no-cache`, ambayo haimkatazi kivinjari kuitunza. Inamtaka tu aulize kwanza kama imebadilika, na kama haijabadilika seva hujibu kwa kifupi bila kuituma upya.

Kuna mpangilio mmoja zaidi ambao kwetu ni wa lazima, nao ni `batchSize`. Usipoupa thamani, programu-jalizi hujaribu kupakia mafaili yote kwa sambamba. Kwenye mtandao wenye nguvu hilo ni jambo jema. Kwenye mtandao dhaifu, mamia ya maombi hugombania njia moja nyembamba, kila moja husogea polepole mno, na mwishowe mengi hufa kwa kupitwa na muda ilhali karibu hakuna hata moja lililokamilika. Weka mafaili machache kwa awamu, matatu au manne, nawe utaona kazi ikienda kwa mwendo wa kobe lakini ikifika.

Mchangiaji, Goma

Ndugu wa Bukavu, ahsante kwa maelezo. Hata hivyo sioni ulazima wa mnyororo huo wote wa programu-jalizi. Mimi hutumia amri ya `aws s3 sync` ya Amazon yenyewe, ambayo hulinganisha folda ya kompyuta yangu na baketi, kisha hupakia tofauti tu. Ikikatika naiendesha tena. Kwa nini nijifunze zana yenye mipangilio mingi wakati mstari mmoja unatosha? Na swali la pili: umeme ukiondoka wakati faili liko njiani, je, msomaji anaweza kukutana na faili nusu?

Mwanzisha uzi, Bukavu

Ndugu yangu, nianze na la pili kwa kuwa jibu lake ni fupi na la kufariji. Katika S3 faili haliandikwi nusu. Ama ombi limefika lote na faili jipya likaonekana, ama halikufika na faili la zamani likabaki kama lilivyokuwa. Hatari haiko ndani ya faili moja, iko kati ya mafaili: index.html mpya ikitangulia kufika huku hati inazozitaja bado hazijapakiwa, msomaji ataona ukurasa mweupe.

Hapo ndipo `sync` inaponipa wasiwasi. Amri hiyo haikuahidi kwamba index.html itakuwa ya mwisho. Hupakia mafaili kadhaa kwa sambamba, na kwa kawaida maombi kumi huenda kwa pamoja. Pia hulinganisha ukubwa wa faili na saa ya kubadilishwa kwake, si yaliyomo. Ukijenga tovuti upya, au ukichukua nakala mpya kutoka Git, zana ya kutunza matoleo ya msimbo, mafaili yote hupata saa mpya, na amri itayapakia yote hata kama hakuna kilichobadilika. Sasa hesabu megabaiti hizo kwa bei ya kifurushi chako.

Wengi wakigundua hilo hukimbilia chaguo la `--size-only`, linaloangalia ukubwa peke yake, nalo ni baya zaidi kwa tovuti zenye hashi. Fikiria kwamba umerekebisha hati moja, na jina lake limetoka app-3f9c1b.js likawa app-a07e42.js. Ndani ya index.html kilichobadilika ni herufi hizo sita, na urefu wake ni ule ule. Ukubwa wa index.html haujaongezeka wala kupungua hata baiti moja, kwa hiyo amri itairuka, mafaili mapya yatapanda yote, na tovuti itaendelea kuonyesha toleo la zamani huku fundi akisafisha kashe ya kivinjari chake bila mafanikio.

Ukipenda kubaki na `sync`, igawe mara mbili. Awamu ya kwanza ipakie kila kitu isipokuwa HTML kwa kutumia `--exclude "*.html"`, pamoja na hederi ya kashe ndefu, awamu ya pili ipakie HTML kwa `aws s3 cp` pamoja na `no-cache`. Mwenye kupenda rclone, zana nyingine ya kuhamisha mafaili hadi wingu, anaweza kutumia `--checksum`, inayolinganisha hashi za yaliyomo badala ya saa, pamoja na `--bwlimit` ili upakiaji usiwanyime wenzake wa ofisini mtandao. Kwa kufanya hivyo utakuwa umejijengea kwa mkono sehemu kubwa ya ile programu-jalizi, na sioni ubaya wowote katika hilo.

Mchangiaji, Lubumbashi

Nawasalimu wote kutoka kwa wachimba shaba. Nilifuata maelekezo ya programu-jalizi kama yalivyo, nikafungua baketi mpya, na kila faili likakataliwa kwa kosa la `AccessControlListNotSupported`. Mwenzangu mwenye baketi ya zamani anatumia mipangilio ile ile bila tatizo lolote. Je, ni funguo zangu, yaani namba za siri za kuingilia S3, zenye kasoro?

Swali la pili linahusu mahali. Kwa kuwa sisi tuko karibu na kusini, naambiwa tuchague kituo cha data cha Amazon cha Cape Town badala ya vile vya Ulaya. Kuna faida?

Mwanzisha uzi, Bukavu

Funguo zako hazina kasoro. Tangu Aprili 2023, baketi mpya za S3 hufunguliwa zikiwa zimezimwa ACL, yaani ule utaratibu wa zamani wa kuambatisha ruhusa kwenye kila faili, na zikiwa zimefungwa dhidi ya kusomwa na umma. Baketi ya mwenzako ilizaliwa kabla ya hapo. Programu-jalizi kwa upande wake hutuma ACL ya `public-read` kwa chaguo-msingi, kwa sababu iliandikwa katika zama ambazo hiyo ndiyo iliyokuwa desturi, na baketi mpya hulikataa ombi lolote la namna hiyo.

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kuziwasha ACL upya. Mimi nashauri usiziwashe. Baketi iliyozima ACL bado hupokea ombi lisilo na ACL, na pia lile lenye `bucket-owner-full-control`. Kwa hiyo badilisha mpangilio wa `acl` uwe huo, na kosa litaondoka. Ruhusa ya umma ya kusoma iandikwe mara moja kwenye sera ya baketi nzima, au, lililo bora zaidi, baketi ibaki imefungwa na isomwe na mtandao wa usambazaji (seva zinazotunza nakala za mafaili karibu na wasomaji) kama CloudFront uliowekwa mbele yake. Njia hii ya pili hukupa pia HTTPS kwa jina lako la tovuti, jambo ambalo anwani ya tovuti ya S3 haitoi peke yake.

Kuhusu Cape Town: kituo hicho kilifunguliwa mwaka 2020, nacho hakitumiki mpaka kiwashwe kwanza kwenye akaunti, ukikosa kukiwasha, utapata makosa yanayofanana sana na ya funguo zisizo sahihi. Kwa Lubumbashi huenda kikawa na jibu la haraka zaidi, lakini usichague kwa kuangalia ramani. Pima kwa mtandao unaoutumia wewe, kwa saa unazofanya kazi wewe, maana njia ya data haifuati barabara ya Kasumbalesa. Ujue pia kwamba kutoa data kutoka kituo hicho hutozwa bei ya juu kuliko kutoka vituo vya Ulaya Magharibi. Ukiwa na CloudFront mbele, umbali wa baketi huwa ni mzigo wa fundi anayepakia kuliko wa msomaji, na fundi anaweza kuvumilia. Mimi ningebaki Ulaya.

Mchangiaji, Goma

Naongeza jambo ambalo limesumbua watu hapa mjini. Kwenye kompyuta za mezani ambazo betri ya ubao wake imekufa, umeme ukiondoka na kurudi, saa hurudi nyuma miaka mingi. Baada ya hapo kila upakiaji hukataliwa kwa kosa la `RequestTimeTooSkewed`, na mtu hubadilisha funguo, hubadilisha mtandao, hata huweka programu upya, ilhali kasoro ni saa. Maombi ya S3 hutiwa sahihi pamoja na saa yake, na tofauti ikizidi dakika 15 hayapokelewi.

Kuna namna nyingine ya kosa hilo hilo ambayo ni ya nchi yetu hasa. Kongo ina majira mawili: Kinshasa iko saa moja mbele ya saa ya dunia, nasi wa Goma, Bukavu na Lubumbashi tuko saa mbili mbele. Mtu anaposakinisha mfumo huchagua Kinshasa kwa kuwa ndio mji mkuu, kisha huona saa ya kompyuta iko nyuma ya saa ya mkononi, naye huisogeza mbele kwa mkono. Saa ya ukutani inaonekana sawa, lakini kwa ndani kompyuta sasa inaamini kwamba dunia nzima imetangulia saa moja, na maombi yake yote yanakataliwa. Dawa ni kuchagua majira ya `Africa/Lubumbashi` na kuiacha saa ijirekebishe yenyewe kupitia mtandao.

Mwanzisha uzi, Bukavu

Hilo la majira linastahili kuandikwa kwenye mlango wa kila ofisi ya mafundi. Ahsante sana.

Kwa kuwa funguo zimetajwa, niseme neno juu yake. Zisiandikwe ndani ya faili la mipangilio linaloingia Git. Ziwekwe kwenye vigeuzi vya mazingira, yaani thamani zinazotunzwa na mfumo wa kompyuta nje ya mafaili ya mradi, na programu-jalizi itazisoma humo. Tena funguo za upelekaji ziwe na ruhusa chache: kuorodhesha baketi hiyo moja, kusoma na kuandika mafaili yake. Ruhusa ya kufuta isiwepo kabisa, kwa sababu upelekaji niliouelezea hauhitaji kufuta chochote, na kompyuta ikiibwa, mwizi hataweza kuifuta tovuti, ingawa ataweza kuandika juu yake. Dhidi ya hilo washa utunzaji wa matoleo ya mafaili kwenye baketi.

Ruhusa ya kuorodhesha isipuuzwe. Bila hiyo, S3 haimwambii mwombaji kwamba faili halipo; humwambia tu kwamba amekatazwa. Programu-jalizi inapoitafuta manifesti kwa mara ya kwanza, kabla haijawahi kuwepo, hupata jibu hilo la kukatazwa, na fundi hupoteza muda akitafuta kosa pasipo na kosa.

Na manifesti yenyewe hakikisha inapanda baada ya mafaili yote kukamilika. Kazi yake ni kuiambia programu-jalizi ni mafaili gani yamekwisha kupakiwa ili iyaruke. Ikitangulia, kisha mtandao ukakatika, safari ijayo programu-jalizi itaamini kwamba mafaili yote yapo, na itayaruka hata yale ambayo hayakufika.

Mchangiaji, Lubumbashi

Nimerekebisha `acl` na mafaili yamepanda, nashukuru. Lakini naona tunajitesa bure. Kwa nini tusisukume msimbo peke yake kupitia Git, ambao ni kilobaiti chache, halafu seva ya ujenzi iliyoko Ulaya au Marekani ijenge tovuti na kuyapakia mafaili kutoka huko, ambako mtandao haukatiki?

Mwanzisha uzi, Bukavu

Kwa tovuti ya maandishi, una haki kabisa, na ningekushauri uanze hivyo leo. Ila mambo mawili uyatazame. Seva ya ujenzi huanza kila mara na nakala mpya, kwa hiyo kasoro ya `sync` ya kulinganisha saa itajitokeza kila siku. Humalizi megabaiti zako, lakini mafaili yote hupakiwa upya bila sababu. La pili ni picha na hati kubwa za PDF. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa chenye picha za mashamba hakipati nafuu kwa njia hiyo, maana picha lazima zitoke hapa kwanza, na zikiwekwa kwenye Git huifanya kuwa nzito milele, hata baada ya kufutwa.

Mafaili makubwa ningeyatoa kabisa katika upelekaji wa tovuti, yakapakiwa peke yake siku mtandao ulipo mzuri. Amri za `aws s3` hulikata faili lolote linalofikia megabaiti 8 katika vipande, na safari ikikatizwa hazijui kuendelea pale zilipoishia. Faili huanza upya. Vipande vilivyokwisha kufika hubaki kwenye baketi, havionekani kwenye orodha ya kawaida, na hutozwa kama mafaili mengine. Weka kanuni ya baketi inayofuta vipande visivyokamilika baada ya siku kadhaa, maana kwa umeme wetu vitakuwa vingi.

Mchangiaji, Goma

Swali langu la mwisho. Kama hatufuti chochote, baketi itajaa mafaili ya matoleo ya kale. Nimefikiria kuweka kanuni hiyo hiyo ya baketi ifute kila faili lililozidi siku 90. Ni sawa?

Mwanzisha uzi, Bukavu

Hapana, tafadhali usiweke kanuni hiyo. Baketi huhesabu umri tangu siku faili lilipopakiwa, si tangu siku lilipotumika mwisho. Nembo ya tovuti yako au fonti yako haijabadilika tangu mwanzo, hashi yake ni ile ile, na programu-jalizi imekuwa ikiiruka kila mara kwa kuwa imo kwenye manifesti. Kwa hesabu ya baketi, hilo ndilo faili lenye umri mkubwa kuliko yote, ingawa linatumika leo na kila msomaji. Siku ya 91 litafutwa. Na manifesti itaendelea kusema kwamba lipo, kwa hiyo upelekaji unaofuata hautalirudisha.

Usifute pia mara tu toleo jipya linapoamilishwa. Yupo msomaji aliyefungua ukurasa asubuhi akauacha wazi kwenye simu, akarudi jioni na kubonyeza sehemu inayohitaji hati ya toleo la asubuhi. Tena ukitaka kurudi kwenye toleo la nyuma kwa sababu jipya lina kasoro, utarudisha index.html yake tu, mradi mafaili yake bado yapo.

Tunza manifesti za matoleo matano ya mwisho, kila moja kwa jina lake. Unganisha orodha hizo ziwe moja, linganisha na mafaili yaliyomo kwenye baketi, na kisichotajwa na hata moja kati yake ndicho kifutwe, kwa funguo tofauti ambazo hazikai kwenye kompyuta ya kila siku. Maombi ya kuorodhesha hurudisha mafaili 1000 kwa mara moja, kwa hiyo hati yako ya kufuta isome kurasa zote za orodha kabla ya kuanza kulinganisha. Kwa tovuti za ukubwa wetu kazi hiyo inatosha kufanywa mara moja kwa miezi kadhaa, kwani mafaili ya kale ya maandishi huchukua nafasi ndogo sana.